Mlinzi wa Mkate

Katika Kiingereza limo neno lord. Huvishwa watu wa daraja ya juu, na hata moja ya mabaraza mawili ya Bunge la Uingereza limepewa jina hilo. Alisikiaye hufikiri kasri, mashamba na watumishi. Kumbe asili yake ni mkate.

Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita Waingereza wa kale, ambao lugha yao ni ya ukoo mmoja na Kijerumani, walitamka hlafweard. Hlaf ni mkate. Nduguye katika Kijerumani cha leo ni Laib, yaani mkate mzima. Weard ni mlinzi. Basi lord ni mlinzi wa mkate. Ndimi zililifupisha likawa hlaford, na karne zikalipunguza hata ikabaki silabi moja.

Mkewe aliitwa hlæfdige, yaani mwenye kuukanda mkate. Ndiyo lady ya leo. Na aliyelishwa nyumbani mwao aliitwa hlafæta, mla mkate. Huyu ametajwa katika sheria za Mfalme Æthelberht wa Kent, za mwanzo wa karne ya 7: amwuaye mla mkate wa mtu huru atatozwa fidia ya shilingi 6.

Tuzingatie, ndugu wasomaji. Watu watatu, nyumba moja, mkate mmoja: huyu akanda, huyu alinda, huyu ala. Cheo kilikuwa kazi. Baadaye mlinzi alibaki na cheo, mkate ukasahauliwa. Na jina la mla mkate limekufa kabisa katika lugha yao.

Tusiwacheke. Neno letu mwinyi limetokana na mwenye, na hapa Unguja Mwinyi Mkuu alikuwa mtawala. Kutokana nalo tukapata umwinyi, neno la kumshutumu anayekula jasho la wengine. Maneno hayaharibiki yenyewe. Huharibiwa na mwenendo wa wanaoyabeba.

Sisi watu wa visiwani, ambao sehemu kubwa ya mchele wetu huvuka bahari, twajua uzito wa ufunguo wa ghala. Anayeushika, awe mkurugenzi au karani, ni mlinzi wa mkate wa watu. Cheo ni dhamana. Siku atakapodhani kuwa ghala ni lake, jina lake litabaki mlangoni, lakini maana yake itakuwa imekwisha kutoka.