Jalada Lisilo na Kichwa cha Habari

Jalada la jarida la muziki lina kazi mbili kwa wakati mmoja: kumwambia msomaji kilichomo ndani, na kumfanya atoe pesa mfukoni. Kwenye meza ya magazeti hupata sekunde chache tu za kutazamwa, ndiyo maana mpangilio wake haubadiliki sana kutoka nchi hadi nchi. Jina la jarida hukaa juu, msanii hukaa katikati akimkodolea macho mnunuzi, na vichwa vya habari hujazwa pembeni. Toleo namba 335 la Rolling Stone, la tarehe 22 Januari 1981, lilibakisha jina la jarida na tarehe, likaitupa karibu kanuni yote iliyobaki. Kwa anayetaka kujua jinsi jalada linavyofanya kazi, ni vigumu kupata somo bora zaidi.

Picha yake ilipigwa na Annie Leibovitz tarehe 8 Desemba 1980, katika jengo la Dakota jijini New York, nyumbani kwa mwanamuziki John Lennon na mkewe Yoko Ono. Lennon yuko uchi, amejikunja kama mtoto aliye tumboni, amemkumbatia mkewe na kumbusu shavuni. Ono amelala chali akiwa amevaa sweta nyeusi na suruali ya jinzi, nywele zake zimetandazwa juu ya zulia jeupe-krimu.

Mwezi uliotangulia wawili hao walikuwa wametoa albamu ya Double Fantasy, ambayo jalada lake, picha ya Kishin Shinoyama, linawaonyesha wakibusiana. Leibovitz alitaka kuliendeleza busu hilo, wote wawili wakiwa hawana nguo. Ono alikuwa tayari kuvua ya juu lakini si suruali, na mpiga picha akamwambia basi abaki na zote. Kwa hiyo tofauti kati ya uchi na vazi, ambayo leo ndiyo roho ya picha, haikuwamo katika mpango wa awali. Lennon alipoonyeshwa picha ya majaribio ya Polaroid alisema imeunasa uhusiano wao sawasawa.

Tofauti hiyo ina nguvu kwa sababu ya namna jicho linavyoona. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno: hufunika upana wa nyuzi mbili hivi, na kwingine kote mambo huonekana kwa ukungu. Ili kuipata picha nzima, jicho huruka kutoka sehemu hadi sehemu, mara tatu hivi kwa sekunde. Katika miaka ya 1960 mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus alichapisha majaribio yaliyofuatilia miruko hiyo, akaonyesha kwamba mtu anayetazama mchoro wenye watu huzirudia nyuso zao tena na tena, hata chumba kiwe kimejaa vitu. Mahali pengine panapolivuta jicho ni pale giza linapokutana na mwanga.

Katika jalada hili mivuto hiyo miwili inasaidiana. Ngozi ya Lennon inakaribiana na rangi ya zulia, kwa hiyo mwili wake ungeweza kupotea humo kama si sweta na nywele nyeusi za Ono. Mguu wake unaokatiza mwili wa mkewe hukamatwa mapema na jicho. Kutoka hapo mkunjo wa mgongo hulipandisha hadi kwenye vichwa viwili vilivyogusana, nalo halina kitu kingine cha kukimbilia. Hakuna kiti, dirisha wala gitaa. Kukosekana kwa gitaa kunastahili kuangaliwa: jarida la muziki limemtoa mwanamuziki bila ala, bila jukwaa na bila miwani yake ya duara.

Leibovitz alipiga picha hiyo kutoka juu, na pembe hiyo inaleta jambo ambalo mtazamaji hulihisi kabla hajalijua. Jarida linaposimamishwa, sakafu hugeuka ukuta. Lennon, ambaye kwa kweli amelala, huonekana kama mtu aliyemng'ang'ania mwenzake asianguke, na Ono huonekana amesimama imara. Udhaifu wa mmoja na uthabiti wa mwingine vimetokana kwa kiasi kikubwa na kamera ilipowekwa.

Kisha kuna macho. Lennon ameyafumba, na Ono anatazama kando. Msomaji hakaribishwi na yeyote, amewakuta tu. Kwa biashara ya magazeti huo ni uamuzi wa hatari, kwani uso unaomtazama mtu ana kwa ana ndio chambo cha zamani kuliko vyote.

Ujasiri huo uliegemea jina la jarida. Herufi za Rolling Stone zilichorwa kwanza na Rick Griffin, msanii wa mabango ya muziki wa San Francisco, kwa ajili ya toleo la kwanza la tarehe 9 Novemba 1967. Lennon alikuwa kwenye jalada la toleo hilo pia, amevaa kofia ya askari kutoka filamu ya How I Won the War, amezungukwa na habari kama ukurasa wa gazeti la kawaida. Miaka 13 baadaye herufi hizo, ingawa zilikuwa zimechorwa upya, zilijulikana kiasi cha kusimama peke yake.

Sababu ya kuyaacha maneno ilikuwa ya majonzi. Siku ileile ya picha, saa tano kasoro dakika kumi usiku hivi, Lennon alipigwa risasi nje ya jengo la Dakota, akafa. Toleo lilipotoka, kila msomaji aliijua habari, na maneno yoyote juu ya picha yangeshindana na busu ambalo sasa lilisomeka kama kuaga.

Mwaka 2005 Chama cha Wahariri wa Majarida cha Marekani kililichagua jalada hili kuwa bora la miaka 40 iliyopita. La pili lilikuwa la Vanity Fair la Agosti 1991, lenye picha ya mwigizaji Demi Moore akiwa mjamzito na bila nguo. Picha hiyo nayo ilipigwa na Leibovitz, na humo pia macho ya mhusika yanatazama mbali na msomaji.