Lornah Kiplagat Alikataa Kwao?

Kila mara mkimbiaji mzaliwa wa Kenya anapokata utepe akiwa amevaa jezi ya taifa jingine, haipiti dakika kabla mtu hajaitamka ile methali: mkataa kwao ni mtumwa. Nimeisikia katika vyumba vya walimu, nimeisikia katika midahalo ya wanafunzi, na mara zote msemaji huketi huku akipigiwa makofi kana kwamba shauri limekwisha. Mimi naona shauri halijaanza. Kabla ya kumhukumu mtu kuwa amekataa kwao, sharti tujue huko kwao alipewa nini, aliondoka vipi, na baada ya kuondoka alifanya nini. Ndiyo sababu leo nawaalika wasomaji tuitazame safari ya mwanamke mmoja, Lornah Kiplagat.

Lornah alizaliwa mwaka wa 1974 huko Kabiemit, katika nchi ya Wakeiyo. Jina lake lilianza kuvuma mbali na nyumbani, katika barabara za Marekani, aliposhinda mbio za marathoni za Los Angeles mwaka wa 1997 na kuzishinda tena mwaka uliofuata. Mwaka wa 1999 alishinda zile za Amsterdam kwa muda wa saa 2, dakika 25 na sekunde 29. Katika kipindi hicho ndipo alipohamia Uholanzi, nchi ya Pieter Langerhorst, kocha wake ambaye pia ni mumewe. Mnamo Januari 2003, mjini Osaka nchini Japani, alikimbia kwa saa 2:22:22, muda ambao haukuwahi kupitwa na mwingine katika marathoni zake zote. Mwaka huo huo akapata uraia wa Uholanzi.

Hapa ni lazima mwanafunzi aelewe jinsi sheria yetu ilivyokuwa. Katiba ya zamani haikumruhusu Mkenya aliye mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili kwa wakati mmoja. Aliyeshika pasipoti ya ugenini aliiachilia ya Kenya, apende asipende. Haikuwepo njia ya kuwa mke wa huko, mkazi wa huko, mlipa kodi wa huko, na bado awe raia wa hapa. Ni Katiba ya mwaka wa 2010 iliyosema kwamba mzaliwa wa Kenya hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine, na kwamba aliyekuwa ameupoteza anaweza kuomba arudishiwe. Kwa hivyo wale wanaosema Lornah "aliitupa" Kenya mwaka wa 2003 wanasahau kwamba mlango ulifungwa na sheria. Kilichoitwa ukaidi wa mtu mmoja kilikuwa upungufu wa katiba nzima, na taifa lenyewe lilikuja kuukiri upungufu huo kwa kura.

Novemba ya mwaka huo wa 2003, katika marathoni ya New York, Margaret Okayo alishika nafasi ya kwanza, Catherine Ndereba ya pili, na Lornah ya tatu. Wanawake watatu waliozaliwa na kulelewa katika ardhi moja waliwatangulia wakimbiaji wa dunia nzima, lakini katika orodha ya matokeo mmoja wao aliandikwa Uholanzi. Sidhani mapafu yake yalitambua tofauti hiyo.

Siku ambayo wengi wanaikumbuka zaidi ni tarehe 24 Machi 2007. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalifanyika Mombasa, katika joto lililomlazimisha hata Kenenisa Bekele, bingwa wa Ethiopia, kujiondoa mbioni. Katika mbio za wanawake, Lornah alimwacha Tirunesh Dibaba kwa zaidi ya sekunde ishirini akajinyakulia dhahabu. Nilizitazama mbio hizo kwenye televisheni pamoja na walimu wenzangu, na nakumbuka jinsi chumba kilivyogawanyika. Baadhi walishangilia. Wengine walinyamaza wakiitazama ile jezi ya rangi ya chungwa. Mzee mmoja, mwalimu wa hisabati, akauliza hesabu hii inaandikwa upande gani. Hakuna aliyemjibu, na sidhani alikuwa akifanya mzaha.

Oktoba ya mwaka huo, mjini Udine nchini Italia, Lornah aliweka rekodi ya dunia ya nusu marathoni kwa muda wa saa 1:06:25. Aliyemfuata katika nafasi ya pili ni Mkenya, Mary Keitany. Mwaka wa 2011 ni Keitany huyo huyo aliyeivunja rekodi hiyo.

Najua nitaambiwa kwamba si wote wanaohama wanahama kwa sababu moja. Ni kweli, na sitaki kuyachanganya mambo. Mwaka wa 2003 Stephen Cherono alikubali kuikimbilia Qatar, akaitwa Saif Saaeed Shaheen, na katika muda mfupi akawapiku Wakenya, akiwemo Ezekiel Kemboi, katika fainali ya kuruka viunzi na maji mjini Paris. Wakuu wa Olimpiki wa Kenya walikataa kutoa idhini ashiriki michezo ya Athens mwaka wa 2004, na Wakenya wakazoa nishani zote tatu bila yeye. Biashara ya namna hiyo, ambapo taifa lenye mafuta hununua miguu ya vijana, hainipendezi. Shirikisho la riadha duniani nalo liliona hivyo: mwaka wa 2017 lilisimamisha uhamisho huo, na mwaka wa 2018 likaweka kanuni mpya, ikiwemo ya kusubiri miaka mitatu. Lakini hata huyo Cherono sithubutu kumrushia jiwe. Kijana wa kijijini akipewa mshahara wa kudumu, nasi tunampa nini? Nishani, picha na waziri, kisha usahaulifu.

Turudi kwa Lornah, maana sehemu ya safari yake inayonigusa zaidi kama mwalimu haimo katika orodha ya ushindi. Katika kambi za mazoezi za miaka ya 1990, mara nyingi msichana alipewa kazi mbili. Asubuhi alikimbia pamoja na wanaume, na wanaume waliporudi kupumzika, yeye alishika sufuria na beseni la nguo. Kila mwanamichezo anajua kwamba mwili hujengeka wakati wa kupumzika. Msichana asiyepumzika hushindwa, kisha huambiwa hana kipaji. Wangapi tuliwapoteza hivyo hatutajua kamwe, kwa kuwa hakuna jezi ya kigeni waliyoivaa ili tupate kuwalaumu.

Lornah aliyajua hayo. Fedha alizozipata kwa kukimbia alizileta Iten, kwenye mwinuko wa mita zipatazo 2,400, akajenga kambi ya mazoezi ambamo mwanamke angekula, alale na akimbie bila kuwa mtumishi wa mtu. Baadaye kambi hiyo ikavuta wakimbiaji wa ng'ambo, akiwemo Mo Farah wa Uingereza, ambaye naye ni mhamiaji aliyezaliwa katika Pembe ya Afrika. Waliokuja walilala Iten, walikula vyakula vya wakulima wa Iten, na waliwalipa vijana wa Iten. Aidha, Lornah alianzisha chuo cha michezo kwa ajili ya wasichana, ili mwenye kipaji cha riadha asilazimike kuchagua kati ya kalamu na viatu vya mbio. Walimu watakubaliana nami kwamba jambo hili ni zito. Tunawajua wasichana waliotolewa Kidato cha Pili wakafuate mbio, wakarudi na goti bovu bila cheti.

Karibu na hapo kuna uwanja wa Kamariny, mahali walipofanyia mazoezi mabingwa wengi kuliko ninavyoweza kuwataja. Serikali iliufunga ili iujenge upya, na kazi ikakwama miaka nenda miaka rudi, udongo ukiwa umechimbuliwa na majani yakiota juu yake. Lornah naye aliweka uwanja wa tartani kwa gharama zake. Hivyo mkimbiaji wa Kenya aliyejiandaa kuvaa jezi ya Kenya, akitaka kukimbia mizunguko yake juu ya tartani pale Iten, alibisha hodi kwenye lango la mwanamke tuliyemwita Mholanzi.