Fahamu: Gari linajuaje kwamba oili imechoka?

Wengi hudhani asilimia ya uhai wa oili inayoonekana kwenye dashibodi inatokana na kifaa kinachoonja oili ndani ya injini. Kwa magari mengi sivyo. Ile ni hesabu ya kompyuta tu.

Mfumo wa General Motors, ulioanza kuwekwa kwenye magari ya Oldsmobile mwaka 1988, ni mfano mzuri. Nyuma yake alikuwepo mkemia Shirley Schwartz. Kompyuta huhesabu mizunguko ya injini na kufuatilia joto lake, na kila mzunguko hupunguza uhai wa oili. Safari ndefu ya mwendo wa kawaida hupunguza kidogo. Injini ikichemka kupita kiasi, oili huungua na kuwa nzito, hivyo makato huongezeka. Na safari fupi za asubuhi, za kuwasha na kuzima, nazo hukata sana: injini haipati joto la kutosha kukausha maji na petroli vinavyoingia kwenye oili.

Hapa ndipo pa kuwa makini. Mfumo kama huu haujui umeweka oili gani, wala hauoni vumbi lililopenya kwenye chujio bovu. Fundi akibadilisha oili bila kurudisha hesabu kwenye 100, kompyuta huendelea kukata kana kwamba oili ni ile ya zamani. Akiirudisha bila kubadilisha, itakwambia yote ni mapya. Kiwango cha oili nacho haikipimi. Chomoa kile kijiti cha kupimia oili, ukifute, ukichovye tena, uangalie mwenyewe.