Dawa ya Kichocho Isimpite Mchumaji Aliye Dago

Katika gazeti letu hili tumezoea kuandika habari za miche, za palizi, na za namna ya kuanika karafuu zisishike ukungu. Mara hii tumeonelea yafaa tuzungumze habari za mtu anayezichuma, na hasa maradhi ambayo humpata yeye zaidi kuliko mwenye shamba, nayo ni kichocho. Twawaomba wanachama wasifunue ukurasa mwingine kwa kudhani kwamba haya ni mambo ya madaktari peke yao. Kazi kubwa ya kupigana na kichocho imekwisha kufanywa katika visiwa vyetu. Iliyobaki ni ndogo lakini ni ngumu, na sehemu yake moja haiwezi kufanywa na mtu mwingine ila sisi wenye mashamba.

MARADHI YENYEWE

Kichocho huletwa na mnyoo mdogo anayekaa katika mishipa ya damu karibu na kibofu. Mtu wa kwanza kumtambua alikuwa daktari wa Kijerumani, Theodor Bilharz, alipokuwa akifanya kazi mjini Cairo katika mwaka 1851. Lakini ilipita zaidi ya miaka 60 kabla ya kujulikana mnyoo huyu anaingia mwilini kwa njia gani. Ilikuwa mwaka 1915, huko huko Misri, Robert Leiper alipoonyesha kwamba ni lazima kwanza apite ndani ya konokono wa maji baridi.

Mwendo wake ni huu. Mgonjwa akikojoa mtoni au kandokando ya mto, mayai ya mnyoo huingia majini na kuanguliwa. Kijidudu kinachotoka humtafuta konokono na kumwingia. Baada ya wiki kadhaa konokono yule huanza kutoa vijidudu vingine kwa maelfu, na hutoa zaidi mchana wakati jua limepanda. Hivi havionekani kwa macho. Mtu akiingia majini kuoga, kufua au kuchota, vijidudu hupenya ngozi yake, hata kama ngozi ni nzima haina kidonda. Hawezi kujua kwamba ameingiliwa, na mnyoo aweza kukaa mwilini miaka mitatu, mitano, au hata zaidi.

Dalili inayojulikana na wote ni mkojo wa damu. Katika sehemu nyingi za Afrika watu walidhani kwamba mvulana akikojoa damu ndiyo alama ya kubaleghe, wasishughulike naye. Lakini maradhi haya hayana mzaha. Mtoto hupungukiwa na damu na kuwa mzito katika masomo. Mtu mzima akikaa nayo miaka mingi, huharibu kibofu na figo, na huweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa wanawake mayai huweza kuingia katika sehemu za uzazi, yakaleta maumivu, kutokwa na damu, na hata utasa. Mara nyingi mwanamke wa namna hii hudhaniwa kuwa ana maradhi ya zinaa, akanyamaza kwa haya. Mwanamke asiye na kosa hubeba maradhi na aibu pamoja.

KWA NINI YAKO KWETU

Wanachama wanajua kwamba mkarafuu hupenda udongo wenye kina, na vilima na mabonde ya Pemba yanao. Lakini mabonde yale yale ndiyo yenye vijito, mabwawa na mashamba ya mpunga, na humo ndimo anamokaa konokono wa kichocho. Katika sehemu za kusini-mashariki ya Unguja, ambako ardhi ni ya mawe ya matumbawe na mvua huzama mara moja, hakuna mito wala konokono huyu, na maradhi hayaenei. Basi ardhi inayotupa sisi karafuu ndiyo inayompa mchumaji kichocho. Faida na hasara zimetoka katika bonde moja, lakini hazikugawanywa sawa: mwenye shamba mara nyingi ana mfereji nyumbani kwake, na mchumaji ana mto.

TULIKOTOKA

Katika miaka ya 1980, watoto wa shule wa Pemba walipopimwa, zaidi ya nusu yao walikuwa na kichocho. Hapo ndipo kazi ilipoanza kwa nguvu. Vilitumiwa vijiti vya kuchovya katika mkojo, ambavyo hugeuka rangi penye damu, kwa hiyo hata kituo kidogo kisicho na mashine kiliweza kumtambua mgonjwa. Dawa nayo ilipatikana, praziquantel, ambayo humezwa mara moja tu. Tangu mwaka 2007 kampuni ya Kijerumani ya Merck imekuwa ikiitoa bure kwa nchi za Afrika kwa njia ya Shirika la Afya Duniani.

Kufika mwaka 2012 watoto wenye kichocho katika shule za Pemba walikuwa chini ya 10 katika kila 100 kwa wastani. Ikaanzishwa kazi kubwa zaidi, yenye nia ya kuyamaliza kabisa maradhi haya Unguja na Pemba. Wizara ya Afya, pamoja na Maabara ya Afya ya Jamii iliyoko Pemba na wasaidizi kutoka nje, iliwagawia watu dawa mara mbili kwa mwaka, shuleni na majumbani. Katika shehia nyingine konokono waliuawa kwa dawa majini, na katika nyingine watu walifundishwa na kujengewa vyoo na mahali pa kufulia. Ilipofika mwaka 2017 maradhi yalikuwa yamepungua sana, lakini hayakukatika. Yalibaki katika mabonde fulani fulani, na mengi ya mabonde hayo yako Pemba.

Wastani huu umedanganya wengi. Wastani ukishuka watu hudhani kila mtu amepona. Kumbe shule moja yaweza kuwa haina hata mtoto mmoja mgonjwa, na ya pili, ng'ambo ya kilima, ikawa nao wengi. Na wanaobaki na maradhi si watu wa bahati mbaya tu. Ni wale wale walio mbali na mfereji, mbali na choo na mbali na kituo cha afya.

DAWA INAMPITA NANI

Katika mwaka 2001 mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba angalau watoto 75 katika kila 100 wa umri wa shule, katika sehemu zenye hatari, wapewe dawa. Lilikuwa jambo jema, lakini liliwaacha watu wazima wanaofanya kazi majini. Ni katika mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliposhauri kwamba, penye maradhi mengi, kila mtu wa kuanzia miaka 2 apewe dawa, wakiwamo watu wazima, na wanawake wajawazito baada ya miezi mitatu ya mwanzo. Hata hivyo dawa bado huwapita wengi. Katika dunia nzima, mwaka 2021, watu zaidi ya milioni 250 walihitaji dawa hii, na waliopewa walikuwa kama milioni 75.

Sasa tuangalie kwetu. Dawa hugawiwa shuleni na nyumba kwa nyumba. Mchumaji wakati wa msimu hayuko nyumbani, yuko dago. Pengine ametoka shehia ya mbali, au amevuka bahari kutoka Unguja. Jina lake haliko katika daftari la sheha wa hapo, na kule kwao anaandikwa hayupo. Mwanawe aliyefuatana naye hayuko shuleni. Jioni ameshuka mtini, mwili umejaa jasho na vumbi, naye huoga katika kijito kilicho karibu. Kama ana kichocho, basi kijito kile kimepata mbegu mpya. Mwezi mmoja na kitu baadaye watoto wa hapo, waliokwisha kumeza dawa, huambukizwa tena, kwa kuwa dawa humponya mtu lakini haimkingi asipate mara ya pili.

Tena liko jambo ambalo hatujalisikia likisemwa waziwazi. Praziquantel huweza kuleta kizunguzungu na kichefuchefu. Hupita upesi, lakini madaktari hushauri kwamba mtu aliyeimeza asiendeshe gari wala mashine siku ile na kesho yake. Je, mtu wa kupanda mkarafuu? Kila mwanachama anajua mti mkubwa una urefu gani, na mtu akianguka huwaje. Basi mchumaji mwenye akili ana njia mbili: ameze dawa akose pishi za siku mbili, au asimeze, apate ujira wake. Ana watoto wa kulisha, na msimu hauningojei wala hauwangojei wao. Twawezaje kumlaumu akichagua ujira? Dawa tunayoiita ya bure, kwake yeye ina bei, na bei hiyo tumemwachia ailipe peke yake.

SI UCHAFU, NI HAKI

Wako wanaosema kwamba wachumaji wanaugua kwa sababu ya uchafu wao. Maneno haya si ya kweli. Mtu anayeingia mtoni kuoga anatafuta usafi, si uchafu. Haendi mtoni kwa kuwa ameuchukia mfereji, bali kwa kuwa mfereji hakuna. Na anayekwenda haja kichakani katika shamba la mwenziwe hakuchimbiwa choo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye bomba hamjui mwenye ndoo.

Wakulima wa nchi nyingine wamekwisha kutuonyesha njia. Huko Japani, katika bonde la Kofu, kichocho cha namna nyingine kiliwaua wakulima wa mpunga kwa vizazi vingi. Katika mwaka 1897 mwanamke wa kikulima, Sugiyama Naka, alipoona kwamba maradhi yanamuua, aliacha ruhusa mwili wake upasuliwe baada ya kufa, ili madaktari wapate kujua asili yake. Wakulima walikusanya konokono kwa mikono yao, na mifereji ya mashamba ikajengwa kwa saruji. Kazi ilichukua miaka mingi, lakini katika mwaka 1996 jimbo lile lilitangaza kwamba maradhi yamekwisha. Madaktari walifanya yao, na wenye mashamba wakafanya yao.

TUFANYE NINI

Twawashauri wanachama mambo haya, nayo hayahitaji mali nyingi.

1. Kabla ya msimu kuanza, mwenye shamba apeleke kwa sheha na kituo cha afya hesabu ya watu watakaokaa dago lake, pamoja na watoto wao. Aulize siku za kugawa dawa, na aombe wagawaji wafike huko huko dago.

2. Siku ya dawa, wachumaji wale kwanza, kwa kuwa dawa ikimezwa baada ya chakula haisumbui sana. Siku ile na kesho yake wasipande mtini. Wapewe kazi ya chini, kama kuchambua karafuu na makonyo au kuanika, na walipwe kama siku ya kuchuma. Hasara ya mwenye shamba ni ndogo. Faida ni ya kijiji kizima.

3. Lichimbwe shimo la choo kabla ya watu kufika, mbali na kijito na kisima. Dago lisilo na choo lisihesabiwe kuwa tayari.

4. Yawekwe mapipa yenye vifuniko kwa maji ya kuogea. Vijidudu vya kichocho haviishi majini zaidi ya siku mbili bila ya kumpata mtu. Kwa hiyo maji yasiyo na konokono yakikaa pipani siku mbili, hayana tena hatari ya kichocho kwa kuogea. Wawepo wawili au watatu wa mapipa kwa zamu. Maji ya kunywa lazima yachemshwe.

5. Atakayechota au kufua mtoni na afanye hivyo asubuhi mapema, si mchana wa jua kali. Hii hupunguza hatari, haiiondoi.

6. Mwanamke mwenye maumivu au damu isiyo ya kawaida asicheke wala asichekwe. Apewe nafasi ya kwenda kituoni, na aeleze kwamba alikuwa akitumia maji ya mto.

Shehia zetu nyingi zimefika karibu na mwisho wa safari hii. Lakini kichocho si kama deni, ukilipa sehemu kubwa wakusamehe kilichobaki. Akibaki mgonjwa mmoja na konokono katika bonde moja, yote yaweza kurudi. Ndiyo maana yule mchumaji asiyeandikwa katika daftari lolote ndiye anayestahili kuhesabiwa kwanza. Wanachama watakaokutana katika matawi yao kabla ya msimu ujao na walitie jambo hili katika mazungumzo, wakubaliane juu ya ujira wa siku za dawa, ili kila shamba lifanye sawa na asiwepo mchumaji wa kupoteza pishi zake kwa sababu ya kujitibu.