Mama wa Kadutu hakukataa mazingira, alijibu swali aliloulizwa

Tuchukue mwanafunzi wa agronomia anayeandaa TFC yake. Anafika soko la Kadutu na karatasi zake za ankete, anasimama karibu na mama anayenunua lengalenga, anamuuliza: «Mama, kama hizi mboga zingelimwa bila dawa wala mbolea ya kiwandani, unaweza kuongeza franka ngapi?» Mama anacheka. Bei ya leo yenyewe imeshamshinda. Mwanafunzi anaandika sifuri, anapita kwa mwingine, sifuri tena. Kwenye sura ya mwisho tunasoma kwamba wananchi hawathamini faida za kilimo bio kwa mazingira.

Hapo ameenda haraka mno. Sifuri ya mama inatuambia kitu juu ya lengalenga na juu ya mfuko wake. Juu ya mazingira haituambii karibu chochote, na sababu yake kila mtu anayeenda soko anaweza kuielewa.

Ukinunua maharagi, muuzaji anakuongezea kiganja kimoja: matabishi. Yanaingia kwenye kikapu chako, unaenda nayo nyumbani. Kilimo bio nacho kina matabishi: nitrati kidogo kwenye chemchemi, sumu kidogo mtoni, nyuki wanabaki hai, udongo unabaki na minyoo yake. Lakini haya hayaingii kwenye kikapu cha mnunuzi. Yanaenda kwa jirani mwenye mizinga, kwa anayechota maji kule chini, kwa mtoto ambaye bado hajazaliwa. Tena, kama wengine wote wakilipa na wewe usilipe, maji safi utakunywa vilevile. Njo maana bei ya soko inapima kile mnunuzi anachobeba (ladha, afya yake, imani yake kwa muuzaji), na faida ya wote inabaki nje ya hesabu. Mtu anaweza kuithamini sana na bado asitoe hata franka moja mbele ya meza ya mboga.

Mfano mzuri uko Bavaria, jimbo la kusini ya Ujerumani. Ukiangalia manunuzi ya chakula katika Ujerumani nzima mwaka 2019, bidhaa za bio zilikuwa karibu asilimia 6 tu. Na hao ni watu wenye makuta kutuzidi sisi mbali sana. Ungefanya ankete kwenye duka zao ungesema: hawajali. Lakini mwaka ule ule, kuanzia tarehe 31 Januari mpaka 13 Februari, wakazi wa Bavaria waliombwa kutia sahihi ombi la kubadilisha sheria ya kulinda nyuki na viumbe wengine. Ndani yake kulikuwa na lengo la kufikisha kilimo bio asilimia 20 ya mashamba mwaka 2025 na asilimia 30 mwaka 2030. Kusaini kwa intaneti hakukuruhusiwa; ulipaswa kufika mwenyewe kwenye ofisi ya mji na kitambulisho chako, katikati ya baridi kali. Ilihitajika asilimia 10 ya wapiga kura. Walifika zaidi ya milioni 1.7, asilimia 18.3. Mwezi wa saba bunge la jimbo likapitisha sheria bila hata kungoja kura ya wananchi wote.

Ni watu wale wale. Dukani mtu anajiuliza, «mimi nipate nini kwa makuta yangu?» Kwenye ofisi ya mji anajiuliza, «sisi sote tuishi namna gani, kama kila mmoja akibeba sehemu yake?» Maswali mawili, majibu mawili.

Jiji kubwa la Bavaria, Munich, lilikuwa limeshapata njia ya kuunganisha hayo maswali mawili. Maji yake mengi yanatoka bonde la Mangfall tangu mwaka 1883. Nitrati ilipoanza kupanda kwenye maji hayo, ingawa ilikuwa bado mbali na kikomo cha miligramu 50 kwa lita, shirika la maji la jiji halikungoja mpaka lijenge mtambo wa kusafisha. Mwaka 1992 lilianza kuwapa wakulima wa bondeni mikataba: ukihamia kilimo bio, tunakulipa kila mwaka kwa kila hekta. Hakulazimishwa mtu. Zaidi ya wakulima 100 waliingia, nitrati ikashuka. Gharama iligawanywa kwenye bili za maji, na hesabu inayotajwa ni chini ya senti moja ya euro kwa lita 1000. Anayekunywa maji ndiye anamlipa anayeyalinda. Kwangu mimi hiki ni kipimo cha thamani kilicho bora kuliko ankete nyingi, juu pesa zimelipwa kweli, mwaka hata mwaka.

Sasa usikimbilie kusema: basi tupige kura, watu watakubali kila kitu. Waswisi wanatusahihisha. Wao ni kati ya wanunuzi wakubwa wa bio duniani; mwaka 2020 ilikuwa imepita asilimia 10 ya soko lao la chakula. Lakini tarehe 13 Juni 2021 walipoulizwa kama dawa zote za kutengenezwa kiwandani zipigwe marufuku, karibu asilimia 61 walisema hapana. Hawa hawa, mwaka 1996, zaidi ya robo tatu walikuwa wamekubali kifungu cha katiba kinachoruhusu serikali kuwalipa wakulima kwa huduma zao kwa mazingira. Kulipa, ndiyo. Kulazimisha, hapana. Thamani ile ile inabadilika sura kulingana na njia unayopendekeza.

Wanauchumi wameshapigana sana juu ya namna ya kuuliza. Baada ya meli Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, swali lilikuwa: bahari safi ina thamani gani kwa Mmarekani ambaye hatawahi kuiona? Jopo lililoongozwa na Kenneth Arrow na Robert Solow, wote wawili wa tuzo ya Nobel, lilitoa jibu mwaka 1993: ankete zinaweza kutumika, lakini kwa masharti. Uliza uso kwa uso. Usiulize «ungelipa ngapi?», taja bei na mwache aseme ndiyo ama hapana kama kwenye kura. Mkumbushe kwamba pesa hiyo haitakuwepo tena kwa mahitaji mengine. Bila hilo la mwisho, watu wanakuwa wakarimu sana kwa mdomo.

Tukirudi huku kwetu, kuna neno linalosemwa sana: sisi wa Kivu tuko bio tangu mababu, hatuna makuta ya mbolea. Mimi sikubali. Kulima bila mbolea juu ya ukosefu si kilimo bio. Kilimo bio kinarudishia udongo kile mavuno yaliondoa, kwa samadi, kompost, mikunde, na miti ya kushika mlima. Shamba linalovunwa kila msimu bila kurudishiwa kitu linachoka, na mvua inateremsha udongo wa Kabare mpaka ziwani. Na hata bio yenyewe inayofanywa vizuri, tafiti kubwa zinaonyesha mavuno yake kwa wastani yako chini kwa asilimia 20 hivi kuliko mashamba yenye mbolea na dawa. Anayeulizwa ana haki ya kuambiwa hilo.

Kahawa ya bio ya kando ya Ziwa Kivu inalipiwa nyongeza na mnywaji wa Ulaya, ambaye hatakunywa hata tone la maji ya Kalehe. Anayekunywa maji hayo hajawahi kuulizwa.

Basi mwanafunzi wetu arudi Kadutu na swali lingine: «Mama, wakulima walio juu ya chemchemi ya mtaa wenu wangeacha dawa, wangepanda miti. Kila nyumba ingechangia franka 500 kwa mwezi, na hizo hazitanunua tena unga wala kalamu za watoto. Kwenye kura ungesema ndiyo ama hapana?» Inawezekana kabisa mama atamjibu kwa swali: «Na hizo makuta nani atazishika?» Asiandike sifuri. Wataalamu wana jina la jibu hilo, wanaliita sifuri ya kupinga: mtu hajakataa maji safi, amekataa mkono utakaopokea pesa. Jibu hilo liwekwe kwenye safu yake ya peke yake, halafu amuulize mama ni nani angekubali azishike.