Samaki wa chuma: Siri ya Wanavajo na manowari nyuma ya tamthilia ya JAG

WATAZAMAJI wa runinga walioifuata tamthilia ya Kimarekani ya JAG, iliyoanza kuonyeshwa mwaka wa 1995 na kufikia tamati 2005, watamkumbuka Harmon Rabb, rubani wa ndege za kivita aliyegeuka wakili wa jeshi la majini. Wengi hukumbuka kesi, ndege na manowari. Wachache hukumbuka kipindi kimoja cha mwaka wa 1999 kilichowatoa mawakili hao baharini na kuwapeleka nyika kame ya Wanavajo, kwa sababu ya mabaki ya askari mmoja wa Vita vya Pili vya Dunia.

Kisa hicho ni cha kubuni, kama ilivyo manowari Seahawk inayotajwa mara kwa mara katika tamthilia hiyo. Donald Bellisario, aliyeitunga JAG na ambaye mwenyewe aliwahi kuwa mwanamaji wa kikosi cha Marine, alipiga sehemu ya picha za kipindi cha kwanza ndani ya Lexington, manowari ya kubeba ndege iliyopigana vita hivyo na ambayo sasa ni makumbusho huko Corpus Christi, Texas. Lakini historia ya Wanavajo iliyo nyuma ya kipindi cha 1999 haikubuniwa hata kidogo.

Wanavajo, ambao wao wenyewe hujiita Diné, yaani watu, wanaishi katika eneo kubwa linaloingia majimbo ya Arizona, New Mexico na Utah. Kwa mujibu wa mapokeo yao, nchi yao imezungushiwa milima minne mitakatifu, na mlango wa nyumba yao ya asili, hogan, sharti utazame mashariki jua linakochomoza. Mtu akifia ndani ya nyumba hiyo, desturi iliwataka jamaa waihame. Waliamini kwamba maiti huacha nyuma kivuli kibaya kinachoitwa chindi, kinachoweza kuwaletea walio hai maradhi. Ndiyo sababu kurejeshwa kwa mabaki ya askari si jambo jepesi kwa familia ya Kinavajo, hata bendera na mizinga ya heshima ikiwapo.

Je, watu wa bara kame waliingiaje katika vita vya bahari?

Mapema mwaka wa 1942, Philip Johnston, mwana wa mmishonari aliyelelewa miongoni mwa Wanavajo, aliwaendea wakuu wa kikosi cha Marine na pendekezo. Wajapani walikuwa hodari wa kunasa na kufumbua mawasiliano ya Wamarekani. Kwa nini isitumiwe lugha ambayo karibu hakuna mtu wa nje aliyeifahamu? Mwezi wa Mei mwaka huo vijana 29 wa Kinavajo waliandikishwa, nao ndio waliokaa chini kuunda lugha ya siri.

Hawakuishia kusema Kinavajo cha kawaida. Mnavajo aliyetekwa angeweza kulazimishwa kutafsiri, na hilo lilijaribiwa: Joe Kieyoomia, mfungwa wa vita aliyetekwa Ufilipino, aliteswa na Wajapani ili afasiri ujumbe walioudaka. Aliyatambua maneno, lakini kwake hayakuwa na maana yoyote, maana hakuwa amefunzwa mafumbo hayo.

Mafumbo yenyewe yalichotwa kutoka kwa viumbe. Manowari kubwa ya mizinga iliitwa lo-tso, nyangumi. Ile ndogo kuliko hiyo, kruza, ikawa lo-tso-yazzie, nyangumi mdogo. Manowari ya kuangamiza iliitwa ca-lo, papa, nayo nyambizi ikawa besh-lo, samaki wa chuma. Meli ya kubeba ndege za kivita ilikuwa mbeba-ndege, hasa ndege wa mbawa, na boti ndogo ya kurusha topido ilikuwa mbu. Angani, ndege ya upelelezi ilikuwa bundi, na mabomu yakawa mayai. Hapa msomaji wa Kiswahili hatashangaa sana: sisi tuliliita gari la deraya kifaru, wao wakaliita kobe. Tofauti ni kwamba sisi neno manowari tulilikopa kwa Waingereza, ilhali vijana wale hawakutaka kukopa chochote ambacho adui angeweza kukitambua.

Pale neno lilipokosekana, walilitaja herufi kwa herufi. Herufi A, kwa mfano, iliwakilishwa na jina la Kinavajo la mdudu chungu, ambaye kwa Kiingereza jina lake huanza na herufi hiyo. Herufi zinazotumika mara nyingi zilipewa majina kadhaa ili adui asihesabu marudio.

Takriban Wanavajo 400 walifanya kazi hiyo katika visiwa vya Pasifiki, kuanzia Guadalcanal. Katika saa 48 za kwanza za vita vya Iwo Jima, Februari 1945, sita kati yao walipokea na kutuma zaidi ya jumbe 800 bila kosa.

Uchungu wa kisa hiki ni kwamba wengi wao walikuwa wameadhibiwa shuleni kwa kusema lugha hiyo hiyo. Mwaka wa 1864 jeshi la Marekani lilikuwa limewaswaga mababu zao kwa miguu mamia ya kilomita hadi Bosque Redondo, na ni mkataba wa 1868 uliowaruhusu kurudi. Nao waliporejea kutoka vitani, wale waliokuwa Arizona na New Mexico hawakuweza kupiga kura hadi 1948.

Walirudi pia na maruerue. Chester Nez, mmoja wa wale 29, alieleza jinsi alivyosumbuliwa usingizini na Wajapani waliokufa, hadi familia yake ilipomfanyia tambiko la Njia ya Adui, ambalo humtakasa aliyegusana na maiti za maadui. Hakuruhusiwa kusimulia alichofanya vitani, kwani siri haikufunguliwa hadi 1968. Wale 29 walitunukiwa nishani za dhahabu za Bunge la Marekani mwaka wa 2001, wakati watano tu walikuwa hai. Nez, aliyekuwa wa mwisho wao, alifariki Juni 2014.

Jina la Navajo nalo limekwisha kusafiri baharini. Meli ya kwanza ya vuta ya aina hiyo katika jeshi la majini ilizamishwa na topido ya nyambizi ya Kijapani katika Pasifiki ya Kusini, Septemba 1943, ikikokota tishari la mafuta. Mwaka wa 2019 jeshi hilo lilitangaza kwamba aina mpya ya meli zake za kukokota na kuokoa itaitwa Navajo, na zinazofuata zipewe majina ya wenyeji asilia wengine, wakiwemo Wacherokee. Si nyangumi wala papa. Ni meli za kwenda kuzivuta nyingine zinapokwama.