Kuhesabu Tembo Bila Kuwaona Wote

Sisi tusomao hapa Sitalike tumezoea kuishi na wanyama. Viboko wako mtoni Katuma, na makao makuu ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi yako papa hapa kijijini. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1974, na leo ukubwa wake ni kilomita za mraba 4,471. Hata hivyo nadhani ni wachache kati yetu waliopata kujiuliza: wanyama wa pori kubwa namna hii huhesabiwaje?

Mimi niliulizwa swali hilo na babu yangu wakati wa likizo. Tulikuwa tumekaa barazani tukisikiliza redio, na mtangazaji akataja idadi ya tembo. Wiki ile ile tembo walikuwa wameingia shambani kwa babu wakalaza mahindi chini. Babu akaizima redio, akaniambia, "Mjukuu wangu, wewe uko kidato cha nne. Hebu niambie, huyo aliyepanda ndege aliwaona tembo wote?"

Nikamjibu, "Hapana, babu. Huona sehemu tu, kisha hupiga hesabu."

Babu akacheka sana. "Basi hiyo si hesabu," akasema. "Hiyo ni ramli."

Sikuwa na jibu, na jambo hilo lilinisumbua mpaka shule ilipofunguliwa. Makala hii ni jibu langu kwa babu, na kwa kila msomaji ambaye angecheka kama yeye.

Kwanza yafaa tujue kazi yenyewe inavyofanywa. Katika nchi yetu wanyama wa porini huhesabiwa na Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania, iitwayo TAWIRI kwa kifupi. Ndege ndogo huruka chini chini katika mistari iliyonyooka, mstari mmoja mbali na mwingine. Waangalizi hukaa pande zote mbili za ndege, na kila mmoja huhesabu wale tu wanaoonekana kati ya fimbo mbili zilizofungwa chini ya bawa. Hivyo kila mstari huwa kama ukanda mwembamba wa nchi. Kanda hizo zikiwa ni sehemu moja katika kumi ya pori lote, idadi ya walioonekana huzidishwa kwa kumi. Hiyo ndiyo "ramli" aliyoicheka babu.

Je, yafaa kuiamini? Hapo ndipo inapoingia kanuni moja ya takwimu iitwayo kanuni ya namba kubwa. Aliyeithibitisha kwanza ni Jakob Bernoulli, mtu wa mji wa Basel katika nchi ya Uswisi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1713, miaka 8 baada ya kufa kwake. Kanuni yasema hivi: ukirudia jambo la bahati mara nyingi, wastani wa yale uyaonayo husogea karibu na ukweli, na kadiri unavyozidi kurudia, ndivyo uwezekano wa kukosea sana unavyozidi kupungua.

Watu wamejaribu kuiona kanuni hii kwa macho yao. Bwana John Kerrich, mwalimu wa hesabu aliyekuwa akifundisha Afrika Kusini, alikuwa Denmark mwaka 1940 Wajerumani walipoivamia nchi hiyo, akatiwa kizuizini. Humo kizuizini alirusha sarafu mara 10,000 na kuandika kila jibu. Upande wa kichwa ulitokea mara 5,067, yaani karibu sana na nusu. Fikiria uvumilivu aliokuwa nao! Siku hizi kompyuta hufanya kazi kama hiyo kabla hujapepesa jicho. Njia hii ya kuifanya kompyuta iigize bahati ilianzishwa Marekani na Stanislaw Ulam na John von Neumann, kuanzia mwaka 1946.

Mwalimu wetu wa Hisabati aliniruhusu kutumia kompyuta moja siku za Jumamosi. Nilitumia programu ya Excel, ambayo ina amri iitwayo RAND. Kila ukiiandika, amri hiyo hutoa namba yoyote kati ya 0 na 1, na hakuna awezaye kukisia itakuwa ipi. Kwa amri hiyo moja mtu aweza kuigiza mambo mengi.

Nilianza na jambo dogo. Nilifikiri habari ya ndoo yenye punje 1,000: mahindi 700 na maharage 300. Mtu hajui mchanganyiko huo. Anafumba macho, anachukua punje moja, anaitazama, anairudisha na kukoroga, kisha anachukua nyingine. Katika kompyuta, namba ikitokea chini ya 0.3 niliita harage, na ikizidi hapo niliita hindi.

Ukweli ni kwamba maharage ni 30 katika kila mia. Niliiambia kompyuta ichukue punje 10 na kukadiria, kisha irudie kazi hiyo yote mara 1,000. Makadirio yaliangukia kati ya 20 na 40 katika mia mara 704. Nilipoongeza punje zikawa 40, makadirio yaliangukia humo mara 884. Nilipofikisha punje 160, yaliangukia humo mara 996. Kanuni ya Bernoulli ilikuwa mbele ya macho yangu.

Lakini liko jambo jingine ambalo sikulitazamia. Nilipokokotoa ukubwa wa kosa la kawaida, niliona kwamba punje zikiongezeka mara nne, kosa halipungui mara nne. Hupungua nusu tu. Kwa punje 10 kosa lilikuwa kama 14 na nusu katika mia; kwa punje 40 likawa kama 7 na robo; kwa punje 160 likawa zaidi kidogo ya 3 na nusu. Maana yake ni kwamba usahihi una bei yake, na bei hiyo hupanda upesi. Anayetaka kosa lipungue nusu lazima arushe ndege mara nne, na kununua mafuta mara nne.

Sasa nilidhani nimemshinda babu. Hata mama anapopika hanywi chungu kizima ili kujua kama chumvi imetosha. Huonja kijiko kimoja tu, basi. Nilipomweleza mwalimu hivyo, aliniuliza swali moja: "Je, tembo wamekorogwa?"

Nilinyamaza, kwa maana swali lake lilikuwa kweli. Kijiko kimoja chatosha kwa sababu mchuzi umekorogwa. Kama chumvi imeganda upande mmoja wa chungu, mwonjaji aweza kusema haimo kabisa, au aweza kuutema mchuzi. Na tembo hawatembei kama punje moja moja. Hutembea kwa makundi, jike mzee akiongoza na watoto wao katikati.

Basi nikarudi kwenye kompyuta na kutunga pori la kubuni. Lina tembo 300, nalo limegawanywa katika kanda 100 zilizo sawa. Ndege yapita juu ya kanda 10 tu, na tembo walioonekana huzidishwa kwa 10. Kazi hii nayo niliirudia mara 1,000, na kila mara tembo walipangwa upya.

Katika jaribio la kwanza niliwatawanya tembo mmoja mmoja. Kompyuta ilisita kidogo, maana ilipaswa kutoa namba 300,000, lakini ikamaliza. Makadirio yaliangukia kati ya tembo 200 na 400 mara 955 katika 1,000. Hakuna hata safari moja iliyokosa kuona tembo. Makadirio ya namna hiyo mtu aweza kuyatumia bila wasiwasi.

Katika jaribio la pili tembo walikuwa 300 vile vile, ila niliwaweka katika makundi 10 ya tembo 30, kila kundi likiwa ndani ya ukanda mmoja. Majibu yalibadilika kabisa. Mara 352 ndege haikuona hata tembo mmoja, na hesabu ikasema pori ni tupu. Mara 381 ndege ilikutana na kundi moja, na hesabu ikasema 300, ambayo ndiyo kweli. Mara 267 zilizobaki ilikutana na makundi mawili au zaidi, na hesabu ikasema 600, au 900, au hata 1,200. Pori ni lile lile na tembo ni wale wale!

Lakini, wasomaji, tazameni ajabu iliyopo hapa. Nilipotafuta wastani wa majibu yote 1,000, nilipata 302. Kanuni haikuvunjika. Safari moja yaweza kudanganya, bali safari nyingi zikiwekwa pamoja hurudi kwenye ukweli. Tena nilipoifanya ndege ipite juu ya kanda 40 badala ya 10, safari zilizosema pori ni tupu zilipungua kutoka 352 hadi 6.

Mambo haya si mchezo wa kompyuta tu. Mwaka 2009 ilikadiriwa kwamba Tanzania ina tembo 109,051. Mwaka 2014 makadirio yalikuwa 43,330. Ujangili wa meno ya tembo ulikuwa umeenea, na namba hizo ziliifanya dunia nzima ishtuke. Katika hesabu hiyo ya 2014, eneo la Ruaha na Rungwa lilikadiriwa kuwa na tembo 8,272 tu. Wengi waliona shaka, na hesabu ya eneo hilo ikarudiwa mwaka 2015. Safari hii yakapatikana makadirio ya 15,836.

Tembo jike hubeba mimba muda wa miezi 22 hivi. Basi haiwezekani tembo wakaribie kuongezeka mara mbili kwa mwaka mmoja kwa kuzaana. Huenda wengine walihama, na huenda wengine hawakuonekana chini ya miti. Lakini baada ya kuliona pori langu la kubuni sishangai tena kwamba safari mbili zaweza kutofautiana sana. Ndiyo sababu wataalamu, wakitoa makadirio, huandika kando yake namba nyingine ionyeshayo kosa laweza kufika wapi. Redio huisoma ile ya kwanza na kuiacha ya pili. Mimi naona ile ya pili ndiyo itenganishayo hesabu na ramli. Mpiga ramli hakuambii atakosea kwa kiasi gani. Mwenye hesabu hukuambia.

Nilipopata ruhusa ya kwenda nyumbani Jumapili moja, nilimweleza babu haya yote kwa kutumia mahindi na maharage. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na hao walioamkia shambani kwangu walikuwa katika ukanda gani?"

Nilimjibu kwa heshima kwamba yeye naye alifanya makadirio. Alihesabu ukanda mmoja tu, yaani shamba lake, usiku mmoja tu, na kundi zima likawa humo. Jirani yake aliyelala salama angesema tembo wamekwisha duniani. Wote wawili wamesema waliyoyaona, na wote wawili wamekosea juu ya pori zima. Lakini hasara ya babu ni ya kweli, wala wastani hauwezi kuyasimamisha tena mahindi yaliyolala. Kanuni ya namba kubwa hutuambia habari za pori. Habari za shamba moja ni lazima mtu aende akazitazame.

Kwa hiyo, wenzangu, mkisikia idadi yoyote iliyokadiriwa, iwe ya tembo, ya samaki wa Tanganyika, au ya watu wenye maradhi fulani, ulizeni maswali matatu. Walihesabiwa wangapi? Je, walikuwa wamechanganyika vema au wamekaa makundi makundi? Na kosa laweza kufika wapi?

Asiye na kompyuta asikate tamaa. Achukue bakuli, mahindi 70 na maharage 30, afumbe macho na kuanza. Achukue mara 10, kisha mara 40, akirudisha punje na kukoroga kila mara, na aandike majibu yake. Halafu ayafunge maharage yote pamoja katika kitambaa kimoja, ajaribu tena. Ataona mwenyewe yale niliyoyaona mimi.